Maswali Tuliyoyatembeza Uwanjani

Tarehe tisa mwezi wa pili mwaka huu alifariki Mwalimu Bukuru, aliyekuwa akifundisha kompyuta katika sekondari niliyofanyia kazi hapa Nsemulwa, mjini Mpanda. Alikuwa amekwenda Katumba kwa mama yake kupalilia mahindi, akarudi mjini na maumivu ya kichwa, akalazwa, na kesho yake hakuamka. Mimi nilistaafu mwezi wa sita. Kati ya msiba na kustaafu kwangu kulikuwa na jambo moja lililoninyima raha. Namna yetu ya kufanya kazi na maswali ya wanafunzi ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja tu anayeijua, na mtu huyo alikuwa anajiandaa kuondoka.

Ndiyo sababu naandika. Nyie mnaopokea maabara mmekabidhiwa funguo, kompyuta na majoho ya kuzifunika. Hili la maswali halikuwa kwenye makabidhiano, kwa sababu hakuna mtu aliyejua liandikwe mahali gani.

Sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne, mtihani haukunikubali, nikaolewa Kasokola, tukalima mimi na mume wangu mpaka alipofariki. Baada ya hapo nilihamia mjini kwa dada yangu na kutafuta kazi. Shule ilikuwa inataka mtu wa kusafisha chumba cha kompyuta. Waliniuliza kama ninazijua kompyuta, nikasema nimewahi kuiona moja benki, kwa mbali. Wakanichukua. Nadhani walifurahi kupata mtu ambaye hatacheza nazo.

Chumba chenyewe kilikuwa zamani stoo ya chakula cha wanafunzi. Kilinuka mahindi na dawa ya wadudu, na harufu ile haijawahi kuisha mpaka leo, hasa mvua zikianza. Kompyuta zilikuwa za msaada, kubwa kama masanduku ya bibi harusi, nyingine hazijawahi kuwaka tangu zilipofika. Siku yangu ya kwanza Mwalimu Bukuru alinikuta napangusa kioo kwa kitambaa kibichi. Hakupaza sauti. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Dada, hicho kitambaa umekikamua?" Nikasema nimekikamua. Akasema, "Kikamue tena." Nikatoka nje nikakikamua, na maji yakatoka mengi tu. Hakuniuliza tena, na mimi sikumwambia. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza la kompyuta.

Mengine nayataja kwa ufupi, maana mtayahitaji. Vumbi litoeni kwa pampu ya baiskeli, msilipulize kwa mdomo, kwa sababu mdomo una mate. Nyigu hupenda kujenga kwenye matundu ya nyuma ya mashine. Nyumba zao zibomoeni asubuhi mapema wakiwa bado wazito. Wingu likijikusanya upande wa mlimani, chomoeni kila waya ukutani, msitosheke na kuzima. Radi ya Mpanda haijali kama umezima. Na kama mtakuta vipanya vya kompyuta vya zamani havina gololi tumboni, msihangaike kuzitafuta. Gololi zile ziliondoka na vijana ambao sasa wana familia zao.

Umeme wa mji wakati ule ulitoka kwenye majenereta ya mafuta, na ulikuja kama mgeni asiyetoa taarifa. Siku nyingi ulipokuja, wanafunzi walikuwa wameshakwenda nyumbani. Mwalimu alifundisha hivyohivyo. Kila siku alitoa swali la kufanya nyumbani, na maswali yake yalikuwa ya kwetu. Dereva ana marobota ya tumbaku, gari linabeba kiasi fulani, atakwenda safari ngapi? Mama ana madumu ya asali yenye uzito tofauti, lipi ni zito kuliko yote? Mwanafunzi hakutakiwa kuleta jibu. Alitakiwa kuleta programu, yaani maagizo, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili kwanza, ambayo mashine isiyo na akili ikiyafuata itafika kwenye jibu.

Kwa kuwa mashine zetu zilikuwa zimelala, Mwalimu alitupeleka nje. Baada ya masomo, kabla wale wa Kasokola hawajaanza safari ya kurudi kwao, kulikuwa na saa ya maswali. Fundi seremala wa shule alitutengenezea vibao vidogo vilivyopakwa rangi nyeusi. Kila jina lililotumika kwenye programu lilipewa mwanafunzi mmoja mwenye kibao na chaki. Huyo tulimwita kisanduku, na kazi yake ni kutunza namba. Mwingine alikuwa njia panda: swali likiwa ndiyo anaelekeza kulia, likiwa hapana anaelekeza kushoto. Mwingine alitembea kutoka mstari hadi mstari, na palipoandikwa "rudia" alizunguka mlingoti wa bendera. Tuliita kutembeza swali. Sharti lilikuwa moja, nalo lilikuwa gumu kuliko mtu anavyodhani. Ufanye kilichoandikwa tu. Usiongeze akili yako.

Mtu wa kusoma mistari nilikuwa mimi. Hilo sikuliomba. Mwalimu alijaribu kusoma mwenyewe, lakini wanafunzi walikuwa wanaangalia uso wake. Akikunja kipaji tu, wanajua mstari ule una kasoro, wanarekebisha kabla haujaharibika. Alijaribu wanafunzi wenye akili, wakawa wanasoma yaliyokuwa kichwani mwao na si yaliyokuwa kwenye karatasi. Siku moja alitoka darasani akanikuta naanika majoho ya kompyuta kwenye kamba. Akasema, "Dada Pelagia, njoo unisaidie. Wewe ndiye mashine niliyokuwa naitafuta, maana hujui tunataka nini."

Mwingine angechukia. Mimi niliona ni kweli, nikaenda.

Nilisoma. Pale palipoandikwa vibaya, nilisoma vibaya vilevile, nikasubiri kifanyike. Kijana mmoja, Sadiki, aliandika kwamba mtembeaji azunguke mlingoti mpaka namba ya kwenye kisanduku ifike kumi, lakini akasahau kuandika mstari wa kuongeza ile namba. Mwalimu akampa yeye mwenyewe kazi ya kuzunguka. Akazunguka. Mimi nikasoma "rudia", akazunguka tena. Kisanduku kikawa kimesimama na sifuri yake, hakina habari. Jasho likamtoka kijana wa watu. Mwalimu wa nidhamu alikuwa anapita, akasimama akauliza, "Huyu kafanya kosa gani?"

Mwenye kisanduku akajibu, "Kasahau kuongeza moja, mwalimu."

"Basi aendelee," akasema, na akaenda zake.

Sadiki sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda stendi. Kila akinibeba hunikumbusha, na nauli yangu hupanda au kushuka kulingana na jinsi anavyoikumbuka siku ile.

Nitasema ukweli kuhusu mimi na Mwalimu, maana mji huu ni mdogo na watu waliwahi kusema maneno. Hakukuwa na kitu. Lakini baada ya mume wangu kufariki, mtu niliyeongea naye kuliko wote kila siku alikuwa yeye, na karibu yote tuliyoongea yalikuwa mistari ya maswali ya watoto. Alikuwa akileta karatasi asubuhi nikiwa nafagia. Ananiambia, "Isome hii, usifikiri." Naisoma. Anasikiliza akiwa amefumba macho. Nikifika mahali fulani anasema, "Hapo," na anatoka. Mara nyingi sikujua hapo pana nini. Kadiri miaka ilivyokwenda nikaanza kujua, na hilo likawa tatizo, kwa sababu sauti yangu ilianza kusita mbele ya kosa. Alilisikia kabla yangu. Hakunifukuza kwenye kazi ya kusoma. Alianza kutunga maswali magumu zaidi ili nibaki sijui. Nimefikiri sana juu ya hilo tangu azikwe. Kwa miaka yote ile mtu alikuwa akikaa usiku kutunga kitu ambacho sitakielewa, ili kesho tufanye kazi pamoja.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini naandika moja, kwa sababu ndiyo iliyoweka kanuni ambayo ningependa muijue.

Mwalimu alitoa swali hili: andika programu itakayouliza mna ng'ombe wangapi nyumbani, kisha iseme mnahitaji chupa ngapi za dawa ya kuogeshea. Wanafunzi walitakiwa kuijaribu kwa mifugo ya kwao. Kazi hiyo ilikuwa inahesabika. Asiyekuwa na alama yake alitolewa kwenye somo la kompyuta na kupelekwa kwenye somo jingine. Tulikuwa na msichana anaitwa Minza, mtoto wa wafugaji Wasukuma wa Litapunga, mkimya, mwandiko wake mdogo kama wa mtu anayeogopa kumaliza karatasi. Kazi yake haikuuliza idadi ya ng'ombe popote. Mwalimu akaweka mkasi mwekundu, yaani alama ya kosa, akaandika chini: "Soma swali." Minza akairudisha vilevile. Mwalimu akaweka mkasi wa pili. Alipomwita na kumuuliza, Minza akaangalia sakafu. Mwalimu akaniambia, "Huyu ananidharau au haelewi, mimi sijui." Nami sikujua.

Siku mbili tatu baadaye baba yake alifika, Mzee Lugwisha, na fimbo yake, na koti zito juani. Mwalimu alimsalimia kwa Kisukuma chake kibovu. Mzee hakuitikia. Alikaa kwenye benchi nje ya maabara, akasema mtoto amekwenda nyumbani akauliza zizi lina ng'ombe wangapi, akasema shule imetuma. Kwao, alisema, ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Mchungaji anawajua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao. Asipomwona mmoja jioni anajua ni nani, hana haja ya namba. Namba ikitamkwa, zizi linapungua. Na hata kama mtu haamini hivyo, miaka ile kila aliyekuja kuhesabu mifugo alikuwa akifuatwa na mtu wa kuwaambia wahame. Mzee aliyasema yote hayo polepole. Kisha akauliza, "Mwalimu, nani kakutuma uhesabu ng'ombe zangu?"

Mwalimu Bukuru alikaa chini, kwenye saruji, chini kuliko benchi la mzee. Wazazi wake walikuja Katumba kama wakimbizi kutoka Burundi, na yeye alizaliwa pale.

"Hakuna aliyenituma, mzee," akasema. "Nilitunga swali bila kufikiri. Lakini mimi nimekulia kwenye kuhesabiwa. Kila aliyekuja na karatasi, tulijipanga foleni. Leo tunahesabiwa tukae, kesho tunahesabiwa tuondoke. Naijua hiyo hofu."

Mzee alimwangalia. Akasema hata kama ni hivyo, amekuja kumtoa binti yake kwenye somo hilo. Asome mengine.

Hapo ndipo Mwalimu alipofanya kitu ambacho alipaswa, kwa maneno yake mwenyewe, kukifanya kabla ya mkasi wa kwanza. Alisema, "Kabla hujamtoa, tuitembeze kazi yake. Mimi niliisoma tu, sijaitembeza." Minza akaitwa. Darasa likatoka. Nikapewa ile karatasi yenye mikasi miwili, na sikujua imeandikwa nini, kama kawaida.

Mabenchi mawili yakawa mlango wa zizi. Wanafunzi wakawa ng'ombe, Minza akimpa kila mmoja jina, na sijawahi kuona kazi iliyogombewa kama ile. Mstari wa kwanza ulisema kisanduku kiandike sifuri na kigeuze kibao kifuani. Nikasoma. Yule mwanafunzi akageuza kibao, namba ikamwangalia yeye mwenyewe tu. Mstari wa pili ukasema: uliza ng'ombe anayeingia anaitwaje. Akaingia mweusi mwenye paji jeupe. Akaingia mwekundu, ambaye mama yake ni yule mweusi. Akaingia mwenye pembe iliyovunjika. Kwa kila jina, kisanduku kiliongeza moja, kimya, bila kugeuza. Jina lilipokuwa "tumeisha", njia panda ikaelekeza kulia, kisanduku kikapiga hesabu ya dawa kimoyomoyo, na programu ikatoa kitu kimoja tu: chupa tatu. Idadi ya ng'ombe haikutamkwa na mtu yeyote, wala haikuonekana.

Mimi nilikuwa nimeshika karatasi nikiwa sijui kama tumefanikiwa au tumeharibu. Mzee Lugwisha alikuwa anaangalia pale mlangoni pa mabenchi.

"Yule mwenye pembe iliyovunjika si wangu," akasema. "Ni wa shemeji yangu, yuko kwangu tu."

Minza akamuuliza, "Dawa yake anainunua nani, baba?"

"Shemeji."

"Basi asipite mlango huu."

Yule aliyekuwa ng'ombe wa pembe iliyovunjika akatolewa zizini, akalalamika, watu wakacheka. Mzee naye akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha akauliza, sasa kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, je, wale wake mwenyewe waliowekwa kwa rafiki yake Kasokola wanaingilia mlango gani? Minza akafikiri, akasema hilo ni swali lingine, litaandikiwa programu yake.

Mzee akasimama. "Aendelee," akasema. "Ila hicho kibao kifutwe." Mwalimu alimpa kitambaa akifute mwenyewe, na yule mwanafunzi akampa kibao kikiwa kimegeuzwa, na mzee akakifuta bila kukiangalia.

Tangu siku hiyo kanuni ikawa hii: hakuna mkasi kwenye kazi ya mtoto kabla haijatembezwa. Mnaweza kudhani ni kanuni ndogo. Jaribuni kuifuata kwa wiki moja, mkiwa na madaftari yamejaa meza.

Baadaye umeme wa uhakika ulifika Mpanda, na hilo ni jambo jema, sitalisema vibaya. Zikaja kompyuta nyembamba. Saa ya maswali ikahamia ndani, nje tukawa tunatoka mara chache, hasa kwa vidato vya chini. Kisha zikaja simu zinazojibu kila kitu. Mwanafunzi anapiga picha ya swali, na kabla hajarudisha simu mfukoni programu imeshaandikwa, safi, haina kosa. Mwaka jana Mwalimu aliniletea karatasi asubuhi kama zamani. Niliisoma mpaka mwisho na hakusema "hapo". Alifumbua macho akasema, "Haina pa kusimama." Akaichukua akaenda nayo darasani. Sikumwona amevunjika moyo mbele ya watoto hata siku moja, lakini nilimwona asubuhi ile.

Tulimzika Katumba. Minza alikuja na mtoto mgongoni, kutoka Mbeya alikokwenda kusoma na kubaki. Mke wa Mwalimu alinisogezea nafasi kwenye mkeka karibu naye. Nilidhani ningelia pale. Sikulia. Nililia siku masomo yalipoanza tena baada ya msiba, nilipotoka na pampu ya baiskeli kwenda kutoa vumbi kwenye mashine aliyokuwa akiitumia, nikaona hakuna sababu ya kuharakisha.

Mwezi wa tatu akaja Mwalimu Anitha, kijana, mwalimu wa kujitolea, na huyo mnamjua wote. Ana heshima na ana kazi. Nilimweleza kuhusu kutembeza maswali, nikamwonyesha vibao. Alivigeuzageuza, akasema, "Mama, siku hizi umeme upo." Alisema kweli. Nilijaribu tena mwezi wa nne, nikashindwa kueleza, maana kwa mdomo jambo lile linasikika kama mchezo wa watoto wa chekechea. Nikavipangusa vibao nikavirudisha kabatini. Usiku nilijiambia, Pelagia, umefanya kazi yako, acha. Asubuhi sikuweza kuacha.

Wiki yangu ya mwisho kazini, baada ya masomo, Mwalimu Anitha alikuja maabara na rundo la karatasi. Alikuwa amechoka usoni. Alisema darasa zima la kidato cha tatu limeleta jibu moja, mpaka majina ya visanduku ni yaleyale, ya Kiingereza ambacho hawawezi hata kukitamka. "Lile jambo lenu la uwanjani, Mama," akasema. "Nionyeshe."

Tulitoka. Nilikuwa na furaha ambayo naona aibu kuieleza. Akachagua karatasi ya kijana anaitwa Amosi, nikaisoma mimi, nao wakatembea. Kila kitu kilikwenda sawa. Kila kisanduku kilipata namba yake, mtembeaji alizunguka mlingoti akasimama panapotakiwa, jibu likatoka. Tulimaliza haraka mno. Wengine walikuwa wanaangalia geti. Mwalimu Anitha alinitazama kwa huruma, na nikajua anachofikiri, maana hata mimi nilikuwa nafikiri hivyohivyo. Mambo yetu yalikuwa ya makosa. Makosa yakiisha, hakuna cha kutembeza.

Ndipo msichana aliyekuwa kisanduku, Riziki, akauliza jambo ambalo sikulitegemea. Aliuliza kwa nini yule mtembeaji alisimama baada ya mzunguko wa tano, asiendelee. Mwalimu Anitha akamgeukia Amosi.

"Kazi yako hii. Mwambie."

"Sijui, madam."

"Hujui mstari gani umemsimamisha?"

"Sijui kweli, madam. Simu ndiyo iliandika."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Anitha aliikunja ile karatasi, akaiweka mfukoni. Alimwambia Amosi achukue ubao mdogo wa matangazo, akae pale chini, aandike yake sasa hivi, kwa Kiswahili, watu wote wakimsubiri. Swali lilikuwa jepesi: mtu anapita na madumu ya asali, jumlisha uzito wa yote. Amosi aliandika huku akifuta na kiganja. Alipomaliza, nilinyoosha mkono nichukue ubao nisome, nilivyozoea. Mwalimu Anitha alikuwa ameshauchukua. Riziki alikuwa ameondoka, ana safari ndefu, kwa hiyo kisanduku hakikuwa na mtu. Mwalimu Anitha akaangalia huku na huku, akanipa kibao na kipande cha chaki.

"Mama, wewe utakuwa jumla," akasema.

Miaka yote hiyo sikuwahi kushika kibao. Nilikwenda nikasimama mahali pa visanduku, nikishangaa kwamba uwanja unaonekana tofauti ukiwa pale. Nilimwambia jambo moja tu: "Usisaidie, Mwalimu. Soma kilichoandikwa."

Akasoma mstari wa kwanza. Kijana mwenye dumu la kilo kumi akasogea. Akasoma wa pili: "Ongeza uzito wake kwenye jumla."

Niliangalia kibao changu. Kilikuwa kitupu. Programu ilisema niongeze, lakini hakukuwa na mstari ulioniambia nianze na ngapi. Nikasimama.

"Mama, andika kumi," mmoja akaninong'oneza. Mwingine akasema, "Ongeza tu, Mama Maabara, mbona inajulikana." Wakaanza kunipigia kelele wote, wengine wanaonyesha kwa vidole. Mikono yangu ilitaka kuandika. Sikuandika. Nilimwangalia Mwalimu Anitha, naye alikuwa ameushika ubao kwa mikono miwili, uso wake hauna kitu, anasubiri kama mtu asiyejua tunataka nini.

Kelele zikapungua zenyewe. Amosi alikuwa anakiangalia kibao changu. Aliangalia ubao, akaangalia kibao tena, muda mrefu. Kisha akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akaniomba chaki akaongeze mstari ubaoni.